Hongera, Mama Leontio

Kulikuwa na dola, na anayetaka kuapa kwamba hajawahi kuishi ndani yake na aape polepole, maana hajui nani anasikiliza. Iliitwa Dola ya Bizari. Iko mbali sana, ng'ambo ya bahari kadhaa, zama za watu waliovaa majoho ya zambarau na kuchinjana kwa adabu, na mambo yaliyotokea huko hayafanani hata kidogo na ya kwetu. Nalisema hili mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari.

Katika dola hiyo mrithi wa kiti cha enzi alikuwa hafi. Kufa alikuwa anakufa kama watu wengine, pengine kuwashinda, kwa kuwa kasri lilikuwa na baridi kali na madaktari wengi. Ila kisheria alikuwa hafi. Hapo nyuma mrithi mmoja aliwahi kufa hadharani, na kabla jua halijatua majemadari watatu walikuwa wamejitangaza Kaisari, mkate umepanda bei, na balozi wa nchi jirani ameonekana akipima ukuta wa mji kwa kamba. Baraza likakutana, likalichambua tatizo kwa kina, likagundua kwamba chanzo chake ni kifo. Basi likakifuta. Tangu hapo mrithi akivuta pumzi ya mwisho, ndugu anayemfuata huchukua nafasi yake, jina lake, umri wake na kofia yake, na kazi zinaendelea. Jina lililochongwa kwenye sarafu lilikuwa Leontio, na kuchonga upya ni gharama, kwa hiyo kila mrithi alikuwa Leontio mpaka atawazwe Kaisari na kupewa jina la utawala. Waliiita Sheria ya Mwendelezo, na wasomi waliisifu sana.

Evanthia hakuyajua haya alipoletwa kuolewa na Kaisari Filareti. Alikuwa binti wa mfinyanzi wa mkoani, aliyechaguliwa na tume baada ya kuonekana kwamba mguu wake unatosha kwenye kiatu cha serikali. Kwao, mtu akifiwa, majirani huacha hata chungu jikoni wakaja kukaa naye chini, na neno la kwanza wanalomwambia ni pole. Ukijikwaa, pole. Ukirudi safari, pole. Ukipita na mzigo wa kuni, hata adui yako atakupa pole na kazi, kisha aendelee kukuchukia. Evanthia aliamini kwamba neno hilo liko kila mahali kama lilivyo jua.

Mtoto wake wa kwanza alitangazwa Leontio na mpiga mbiu kabla hajakatwa kitovu. Mama akangoja wakunga wageuke, akamnong'oneza sikioni jina la babu yake, Damiani. Wa pili akamwita Kosma, naye kwa siri. Serikalini huyo hakuwa na jina lolote. Watoto waliozaliwa nyuma ya mrithi waliandikwa Akiba, na wakakaa Akiba mpaka wahitajike.

*

Damiani alikuwa na miaka mitano homa ilipomchukua. Alikuwa mtoto wa maswali mengi, aliyetaka kujua kwa nini samaki hawafumbi macho na kwa nini askofu haruhusiwi kukimbia. Siku ya mwisho hakuuliza kitu. Alimwomba mama yake amfunike miguu, na mama akamfunika. Kisha Evanthia akatoka mlangoni, nywele wazi, akilia kwa sauti kama wanavyolia kwao, akitegemea kupokewa.

Ukumbini wakubwa wote walikuwa wamekwisha jipanga mstari. Mbele yao alisimama Prokopi, Msimamizi Mkuu wa Mwendelezo, mtu wa sauti laini na viatu visivyotoa mlio. Akainama.

"Hongera, Mama Leontio."

Wakamfuata mmoja mmoja, hongera, hongera sana, tunakupongeza, mpaka mpishi mkuu na wapishi wadogo. Evanthia alidhani amerukwa na akili. Alipomwambia Prokopi kwamba mwanawe amefariki, Prokopi alimjibu kwa upole kwamba Mrithi ni mzima wa afya na anachapa kazi, akamwonyesha kwa kidole. Kwenye kiti kidogo cha enzi alikuwa amekalishwa Kosma, mtoto wa mwaka mmoja, akitafuna ncha ya fimbo ya utawala.

Jioni tangazo lilisomwa mjini. Wananchi waliombwa wasishangae kumwona Mrithi amepungua kimo, kwani hayo ni matokeo ya unyenyekevu. Akionekana anatambaa, wajue ameamua kuwa karibu na watu wa chini. Meno yaliyokosekana yalikuwa yametolewa kwa hiari yake kubana matumizi. Watu walipiga makofi, na waliokuwa na watoto wagonjwa majumbani walipiga kwa nguvu zaidi.

Makaburi ya kifalme ni ya waliokufa, kwa hiyo Damiani alizikwa kwenye bustani ya jikoni. Juu yake wakachomeka kibao kilichoandikwa Vitunguu. Prokopi alieleza kuwa wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe, na kwamba alilitoa kwa huruma, maana Malkia akikutwa hapo macho yamemvimba hakuna atakayemuuliza. Naye aliamini kabisa kwamba amefanya wema. Watu wa aina hiyo ndio wanaoogopesha.

Evanthia alikwenda bustanini kila siku. Hakuna aliyekuja kukaa naye. Matanga ya mtu mmoja hayaishi, kwa kuwa hakuna wa kukuambia sasa yatosha, nyanyuka ukaoge.

*

Kosma aliogopa farasi na alipenda bata. Alipotimiza miaka minne, serikali ilisherehekea Leontio kutimiza minane, na Leontio wa miaka minane, kwa desturi ya Bizari, hupanda farasi wa vita mbele ya jeshi lote. Evanthia alikwenda kwa Prokopi, akamweleza kwamba miguu ya mtoto haifiki hata katikati ya tumbo la farasi. Prokopi akasema kwamba kwa mujibu wa sheria inafika.

Tarumbeta zikapigwa, farasi akashtuka. Evanthia ndiye aliyemwokota mchangani, na alimkuta bado ameshika unyoya wa bata aliouficha mfukoni ili umpe ujasiri. Alipoinua kichwa aliona mstari umekwisha pangwa tena, wa kwanza akiwa Prokopi. Tangazo la siku hiyo lilisema Mrithi ameshuka farasi kwa ustadi mkubwa. Bustanini kikaongezwa kibao cha pili, Vitunguu Saumu, na kwenye kiti cha enzi akakalishwa kitinda mimba, ambaye mama yake alimwita Tito. Naye alikuwa na mwaka mmoja. Kisheria alikuwa na minane, na alikuwa ametoka tu kushuka farasi kwa ustadi.

Sasa nisikufiche, msomaji: kuanzia hapo Evanthia hakuwa na jambo jingine duniani ila kumfikisha Tito ukubwani. Alimwonjea chakula. Alimfundisha kuanguka bila kuumia. Sherehe moja alimfanya augue kwa makusudi kwa maembe mabichi, nyingine kwa upupu, na kwa ujanja huo wakasogeza miaka. Lakini hakuna upupu unaotibu hesabu ya serikali. Tito alipofika miaka tisa, Leontio alifika kumi na sita, na Leontio wa kumi na sita huongoza jeshi vitani. Vita vilikuwapo tayari, mashariki. Bizari ilikuwa na vita vya kudumu huko, kwa ajili ya matumizi kama hayo.

Evanthia akamwendea Prokopi kwa mara nyingine. Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, kifanyike nini ili Tito awe na miaka tisa.

Prokopi alifurahi kuulizwa swali la kitaalamu. Akamweleza kwamba jambo ni rahisi. Ikithibitika kuwa Leontio wa kwanza alikufa, basi huyu atakuwa mtoto mwingine, na mtoto mwingine ana haki ya umri wake. Kinachotakiwa ni ushahidi wa msiba, na sheria inautambua mmoja tu. "Raia akikupa pole, huo ni uchochezi," alisema. "Afisa akikupa pole, hicho ni cheti cha kifo."

Akaongeza, si kwa kujisifu, kwamba tangu sheria ipite hakuna afisa aliyewahi kuitamka.

*

Alianza na Daktari Mkuu, aliyekuwapo Damiani alipokata roho. Daktari alimsikiliza, macho yakamlowa, akasema kitaalamu Mrithi siku ile alipunguza shughuli. Evanthia akaenda kwa Askofu Mkuu. Huyo alimshika mikono yote miwili, akamwambia kanisa linaamini ufufuo, na kwa kuwa wafu wote watafufuka, kanisa halioni haraka ya kukiri kwamba wamekufa. Alimpa zabibu kavu za kwenda nazo nyumbani.

Usidhani maofisa hawa walikuwa na mioyo ya mawe. Pole ni neno linalotoka lenyewe, kama kupiga chafya, na serikali ililijua hilo. Ndiyo maana kila ofisa mpya alipelekwa chuoni, akawekwa mbele ya seremala anayejigonga kidole kwa nyundo, na hakuhitimu mpaka aweze kumwambia hongera bila kukunja uso. Waliofeli walirudishwa vijijini, na inasemekana wanaishi vizuri.

Evanthia alipoifikiria chafya hiyo ndipo alipopata akili. Sheria ilisema pole. Haikusema pole ya nini. Asubuhi iliyofuata alimvizia Prokopi kwenye ngazi za marumaru, mashahidi wakiwapo, na alipomkaribia akajiachia. Aliporomoka ngazi nzima kwa goti na kiwiko, akatua miguuni pake damu ikimtoka. Hakuwa ameigiza, maumivu yalimtoa machozi.

Prokopi aliruka kumwinua, akasahau chuo, akafumbua mdomo. "Po—" alisema.

Evanthia alimtazama kutoka sakafuni, akizisubiri zile herufi mbili zilizobaki kama mwenye kiu. Uso wa Prokopi uliiva, mshipa ukamsimama shingoni.

"—ngezi," akamalizia. "Pongezi nyingi, Malkia."

Wakampigia makofi. Prokopi akajitenga nyuma ya nguzo, na waliopita pale walisema alikuwa anatetemeka. Evanthia alinyanyuliwa na wajakazi, na alikuwa amekata tamaa kiasi kwamba hakusikia goti.

*

Mchana huo alimkuta Kaisari anakula peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa akimchukia mumewe, mtu mwenye ndevu nzuri aliyetia sahihi kila alicholetewa na kulala mapema. Alikaa upande wa pili wa meza. Filareti alilitazama goti lake lililofungwa kitambaa, akalitazama muda mrefu, akaweka mkate chini.

Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba aliyezaliwa kutawala hakuwa yeye. Yule alizama kisimani akiwa mdogo. Yeye alikuwa Akiba. Walimtoa kwenye mchanga alikokuwa akicheza, wakampa kofia iliyolowa maji ya kisima, na mama yake akasimama kwenye mstari akipewa hongera.

"Kabla ya hapo alikuwa ananiita jina jingine, kwa siri," alisema. "Nimekusikia unavyomwita Tito. Ndivyo alivyokuwa akiniita."

"Jina gani?"

Filareti akafikiri. Alifikiri kwa bidii, paji la uso limekunjamana, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na Evanthia akaona kwamba analitafuta tangu utotoni.

"Nimelisahau," alisema.

Evanthia alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga vizuri. Yote yakampotea. Alinyoosha mkono juu ya vyombo, akasema, "Pole, mume wangu," na Kaisari wa Bizari akajifunika uso kwa kitambaa cha mezani. Ilikuwa pole ya raia tu. Kisheria haikuthibitisha kitu.

*

Siku ya jeshi kuondoka, uwanja ulijaa. Tito alitolewa akiwa ndani ya deraya ya kijana wa miaka kumi na sita, imejazwa pamba ili isimwanguke, kofia ya chuma imemfunika mpaka puani. Ilibidi aongozwe kwa mkono kama kipofu. Prokopi alihutubia. Alisema taifa halijawahi kuwa na Mrithi mwenye umbo imara kiasi hicho, na kwamba wanaoona kofia inacheza kichwani wana matatizo ya macho, ambayo serikali inayafahamu na inayafanyia kazi.

Kisha akamgeukia Malkia apokee hongera za taifa, kama itifaki inavyotaka.

Evanthia akavua kiatu cha serikali. Akavua na cha pili. Akashuka jukwaani, akafungua nywele, akakaa chini kwenye vumbi mbele ya watu wote, miguu ameinyoosha kama wafiwa wa kwao wanavyokaa.

"Nimefiwa," alisema. "Nimefiwa na Damiani. Nimefiwa na Kosma. Sijawahi kukaa matanga yao, nimekuja kukaa."

Uwanja ule ulikuwa na maelfu ya watu, na kila mmoja alikuwa na neno lile mdomoni. Wanawake waliuma ncha za shungi zao. Askari walitazama juu kana kwamba mvua inakuja. Mzee mmoja aliziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika. Hakuna aliyesema, kwa sababu kila mmoja alikuwa na watoto nyumbani, na Evanthia hakuwalaumu. Alikaa tu.

Ndipo Kaisari, afisa wa kwanza wa dola, aliposhuka. Alishuka vibaya, joho likimkwaza, akafika alipokaa mkewe na kujishusha vumbini kwa tabu, magoti yakilia. Hakumwita Malkia. Hakumwita Mama Leontio. Alimwita kama jirani angemwita, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Pole, mama Damiani."

Evanthia akalia. Alilia kilio alichokiweka tangu siku ya kufunika miguu, kilio cha watoto wawili kwa pamoja, na mumewe akakaa hapo hapo hakusema neno la kumnyamazisha.

*

Prokopi hakukunja hata uso. Alingoja, akakohoa kidogo, akautangazia umma kwamba Kaisari Filareti hamjui mtoto yeyote aitwaye Damiani. Basi aliyeketi pale hawezi kuwa Kaisari. Ni mtu asiyejulikana, ambaye amempa pole mwanamke asiyejulikana kwa ajili ya mtoto wake asiyejulikana, na serikali haiingilii misiba ya watu binafsi.

Kazi ikaendelea. Karani mmoja wa ghala aliyekuwa na ndevu nzuri akavishwa joho. Kiatu kikajaribiwa kwa wanawake waliokuwa karibu, kikamtosha mfuaji nguo. Tito, kwa kuwa mtoto wa wasiojulikana hawezi kuwa Mrithi, akavuliwa deraya kwa uangalifu, maana ni mali ya umma, akabaki na fulana, pamba imemganda nywele.

"Mimi sasa nina miaka mingapi?" alimuuliza mama yake.

"Tisa."

Tito akasema afadhali, maana alikuwa hajui mambo ya kumi na sita.

Deraya haikukaa bure. Walipita kwenye safu za vijana wa mji, wakachagua mmoja aliyekuwa na miaka kumi na sita ya kweli, mwoka mikate, mabega mapana. Ilimtosha kama ameshonewa. Umati ulishangilia kwa dhati. Baada ya miaka mingi hatimaye Leontio alikuwa amefanana na umri wake. Wakampandisha farasi mweupe, tarumbeta zikalia, jeshi likaanza kutembea.

Wasiojulikana watatu waliachwa waende zao, kwani asiyekuwepo hazuiliwi. Mtu aliyekuwa Kaisari alimbeba Tito mgongoni. Evanthia alitembea pekupeku, akichechemea kwa goti, na moyo wake, nisikudanganye, ulikuwa unaruka kwa furaha. Mwanawe yu hai. Alikuwa karibu na lango alipoona mstari.

Maofisa walikuwa wamejipanga mbele ya mwanamke mnene mwenye unga mikononi, aliyeonekana ametolewa kazini kwa haraka. Walikuwa wanainama mmoja mmoja. Hongera, Mama Leontio. Hongera sana. Mwanamke alikuwa anajibu asante, asante, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeongeleshwa kwa lugha ya ugenini. Evanthia akasimama. Deraya ile asubuhi ilikuwa mwilini mwa Tito. Furaha ikamtoka yote kwa mara moja, akajua kwamba hataipata tena ikiwa nzima. Alingoja afisa wa mwisho apite, akamwendea.

"Pole, mwenzangu," alisema.

Mwanamke akashtuka. "Mbona unanipa pole? Mwanangu hajafa."

"Najua. Anaitwa nani?"

"Leontio." Akatazama pembeni. "Lile jingine wameniamuru nilisahau."

"Mwite hilo jingine. Mwite sasa hivi, kabla hajapita lango. Mwite kwa nguvu zako zote."

Mwanamke aliwatazama askari. Akamtazama Tito na fulana yake, akazitazama pamba kichwani mwake, na taratibu akaelewa alichokuwa anaambiwa. Alivuta pumzi.

"Yusto!"

Kule mbele, juu ya farasi mweupe, kijana akageuka mzima mzima kwenye tandiko, akasahau kwamba anaongoza jeshi, akainua mkono juu akitafuta ni wapi mama yake amesimama. Mama akaita tena. Evanthia akamsaidia kuita, wote wawili, Yusto, Yusto, mpaka safu za mikuki zikamziba na vumbi likaufunika mkono wake.